Wati Ishirini

Saa nane mchana, Al Khoud, mwezi wa Juni.
Nje nyuzi arubaini na saba;
paka wa jirani amejibanza chini ya tangi la maji,
njiwa wanampita puani, hana habari nao.

Mama kalala sebuleni, mkekani,
kanga moja kichwani, moja miguuni.
Kiyoyozi kinanguruma. Jokofu linaguna.
Televisheni inauhutubia ukuta.
Malori ya kokoto yanapita barabara ya bondeni,
vioo vinatetemeka kwa kila lori.
Mama hasikii.

Chumba cha nyuma, mtoto wa Thuweba akakohoa,
mara moja, kikohozi kikavu cha kitoto.
Mama keshaketi.
"Mpeni maji huyo."
Akajilaza tena.

Na mimi ndiye niliyesomeshwa mambo haya.
Kazini tuna ukumbi usio na madirisha,
makabati meusi safu kwa safu,
na mitambo ya kupoza
mikubwa kuliko mitambo inayopozwa.
Humo tunaifundisha kompyuta kutambua kikohozi.
Tumeilisha vikohozi laki tatu.
Inasikiliza kila kitu, kwa nguvu zake zote, kila saa:
feni inaisikiliza, ukimya inausikiliza,
inajisikiliza yenyewe ikihema.
Bili ikifika, Azzan huifunua kwa kidole kimoja
kama mtu afunuaye sufuria iliyoungua.

Ubongo wa mama, kwa hesabu ya vitabu,
unakula wati ishirini.
Taa ya stoo.
Asubuhi alikula tende tatu, kipande cha mkate wa kumimina,
kahawa vikombe viwili; cha tatu akakitikisa, basi.
Kwa mafuta hayo kapiga hesabu ya deni la dukani
akamkuta muuzaji kakosea baisa mia nne.
Kwa mafuta hayo hayo kapokea simu kutoka Wete,
miaka kumi na tisa hawajasemezana,
sauti ikasema "Weye!" tu,
naye akajibu: "Mgeni, una mafua."

Seli zake nyingi zimenyamaza.
Siri, kama ipo, ni hiyo.
Isiyo na la kusema haisemi.
Yenye neno hupiga hodi moja,
ikanyamaza tena.

Birkat al-Mawz, kwa watu wa baba,
maji ya falaji hugawiwa vivyo hivyo.
Mfereji mmoja, mitende isiyohesabika,
na kila mlango una jiwe lake na matambara.
Hakuna anayefungua yote ati kwa kuwa maji yapo.
Zamu ikifika unachomoa jiwe;
nusu saa; unalirudisha.
Nusu saa hiyo wanaiita athari.
Nilicheka siku ya kwanza kuisikia,
maana kwetu athari ni kinachobaki kitu kikishapita.
Sasa sicheki.
Seli ziitanazo mara kwa mara ndizo zijuanazo njia;
neno likipita, linaacha kitu kwenye kingo.
Kwa mama, kukumbuka na kufikiri ni chumba kimoja.
Sisi tumeweka ghala mji huu, kiwanda mji ule,
umeme wetu unaishia safarini.

Mezani kwangu ipo chipu, si kubwa kuliko ukucha,
iliyoumbwa kwa kuiga hayo. Azzan anaiita Mvivu.
Jana tuliijaribu.
Nikakohoa: ikaamka.
Azzan akabamiza mlango: ikaamka.
Ndoo ya mfagizi ikaanguka: ikaamka.
Kwake kila kelele ni mgonjwa.
Lakini baina ya kelele na kelele
mshale wa mita ulijilaza karibu na sifuri,
nami nikautazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Saa tisa kasorobo umeme ukakatika.
Kiyoyozi kikakata kauli, jokofu likafuata,
mtaa mzima ukawa kimya.
Mama akafumbua macho.
"Nani kazima?"

Saa nzima ngurumo ile haikumwamsha.
Kukoma kwake ndiko kulikomwamsha.

Nikaivuta bili, nikaandika mgongoni mwake:
kimya nacho ni habari.
"Unaandika nini?"
"Kazi, mama."
"Andika na mchele. Umekwisha."